Doksi, Predi na Benchi la Jumanne

"Kati ya hizi mbili, ipi inaponya?"

Mama Shija aliniuliza hivyo Jumanne yangu ya kwanza kwenye kliniki ya ngozi, mbele ya benchi zima la wagonjwa. Mkononi alikuwa na bahasha ya vidonge vyeupe, na kwa kidevu alikuwa akimwonyesha jirani yake aliyepewa kapsuli. Nilikuwa na shahada ya famasia ambayo hata fremu sikuwa nimeitafutia. Nikamwambia ukweli: hatujui, ndiyo maana tunalinganisha. Wanawake wa benchini wakatazamana. Mimi nikarudi dirishani nikijisifu moyoni kwamba angalau katika hospitali ile alikuwa amefika mtu asiyedanganya wagonjwa.

Sasa nimestaafu. Miaka thelathini na sita si umri wa kustaafu, najua, na ninyi mnaopokea dirisha langu mmeshanitania vya kutosha. Bodaboda ilinigonga, mgongo haukurudi ulivyokuwa, bodi ya madaktari ikaamua nipumzike. Ripoti yao nimeisoma mara tatu na kuna ukurasa mmoja ambao mpaka leo siuamini. Ya vyeo na mishahara sitaandika, hayo mtayasikia kwa wengine. Nataka niandike kuhusu lile benchi, kwa sababu chumba ni kilekile, dawa ni zilezile, na makosa yangu bado yanaweza kufanywa upya na mtu mwenye akili kuliko mimi.

Hospitali siitaji jina. Iko upande wa Kahama. Wagonjwa wa Nyahanga walikuja kwa miguu, wa Mwadui kwa basi, na wengine walitoka machimbo ya Geita wakiwa na vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, kwenye nyusi. Ugonjwa unaitwa pemfigoidi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia kile kinachoshikanisha ngozi ya juu na ya chini. Maji yanajaa katikati, yanainuka malengelenge makubwa, magumu, na kabla yake unatangulia mwasho wa kumfanya mtu ajikune kwa gunzi la mahindi. Hauambukizi. Hilo tulilisema kila Jumanne, na kila Jumanne tulikuta mtu aliyetengewa sahani na kikombe chake nyumbani. Mama Shija, mjane wa Nyahanga aliyepita miaka sabini, alikuwa ametengewa hadi kigoda.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Milembe, muuguzi kiongozi wa kliniki, amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kumaliza kufunga kidonda kwanza ndipo ajibu swali lako, hata kama uliuliza mwanzoni. Yeye ndiye aliyenionyesha kutoboa lengelenge: sindano safi iingie ubavuni, chini kabisa, maji yatoke taratibu, ngozi ya juu iachwe ilale mahali pake. Mara ya kwanza nilitaka kuikata ngozi ile iliyokufa. Akanishika mkono.

"Hiyo iache, Minza. Hiyo ndiyo bandeji pekee ambayo stoo haijawahi kutuambia imekwisha."

Nilimtilia shaka tangu wiki ile. Sikuwa na sababu, ndivyo nilivyokuwa. Chuoni nilizoea kuuliza "ushahidi uko wapi" mpaka mhadhiri mmoja akaanza kunipa maswali yangu mwenyewe nikayajibu nyumbani. Sista alifanya mambo mengi ambayo hakuyasomea popote. Kila anayepewa doksi alimuuliza dawa anaimeza na nini, na akisikia maziwa, alimshika mpaka aahidi kutumia maji. Nikadhani ni ushamba, mpaka niliposoma kwamba kweli maziwa yanapunguza nguvu ya dawa ile, na huku kwetu nyumba yenye ng'ombe haimpi mgonjwa maji matupu. Kila anayeanza predi alimpa kwanza dawa ya minyoo, na waliotoka machimboni aliwauliza kikohozi. Hayo nayo nikayahakiki. Nayo yalikuwa sahihi. Hilo halikunifanya nimwamini. Lilinifanya nimchunguze zaidi.

Daktari bingwa wa ngozi alikuja mara moja kwa mwezi. Yeye ndiye aliyeanzisha ulinganisho. Predi, yaani prednisoloni, ilikuwa dawa ya zamani: inazima malengelenge haraka, lakini ukiitumia kwa wingi na kwa muda inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa na kuuvimbisha uso ukawa duara. Wagonjwa wetu walikuwa wazee. Doksi, yaani doksisaiklini, ni dawa ya bakteria ambayo imeonekana inatuliza pemfigoidi pia, polepole lakini kwa upole, hasa ukiongeza krimu kali ya kupaka. Daktari alitaka kujua kwa watu wetu ipi inafaa kuanza nayo. Alinipa daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila Jumanne niandike jina, dawa, malengelenge mapya, sukari, presha, uzito. Halikuwa jambo la kutangazwa. Lilikuwa daftari tu, ila nililipenda kama mtu anavyopenda shamba lake la kwanza.

Baada ya miezi kadhaa daftari lilianza kusema mambo matamu. Watu wa doksi walikuwa wanapona karibu sawa na watu wa predi. Daktari alifurahi. Mimi sikufurahi. Watu wa doksi walitakiwa wachelewe kidogo, na wangu hawakuchelewa. Kisha nikaanza kuwatazama usoni.

Hapo ndipo anapoingia Mama Holo. Alikuwa mama lishe kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Geita, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba kama mti wa uzio, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Yeye alikuwa doksi. Nilikuwa nimemwonya kuhusu jua, kwa kuwa doksi inafanya ngozi iungue upesi, naye akaniambia jua la jikoni kwake limeshachoka kumchoma. Sasa ghafla mashavu yake yalikuwa yamejaa, shingo ina nyama nyuma, na sukari imeanza kupanda.

"Umenenepa, mayu," nilimwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Wachimbaji wananiambia nimeonja sana ubwabwa wangu. Na wewe waambie ni dawa yako."

Doksi hainenepeshi mtu. Uso ule ulikuwa uso wa predi.

Nikaanza na washukiwa wa kawaida. Mjini na machimboni kuna maduka yanayouza vidonge vya kunenepesha kwa wanawake wanaotaka mwili, na ndani yake mara nyingi mna steroidi, dawa za jamii ya predi. Kuna pia unga wa miti shamba ambao mtu anakuapia ni mizizi mitupu, na ukimfuatilia unakuta amesagia humo vidonge vya dukani. Nilimuuliza Mama Holo mara tatu kwa njia tatu tofauti. Hajanunua kidonge dukani? Hajanunua. Hajaenda kwa mganga? Alienda zamani, kabla yetu, na mganga alimwambia amerogwa na mke mwenza, naye hana mke mwenza. Alinijibu akinitazama machoni. Nikaandika pembeni mwa daftari: "Anaficha."

Kweli alikuwa anaficha, ila si kwa uongo. Kila swali nililouliza alilijibu sawasawa. Sikuwa nimeuliza lililotakiwa.

Kwenye kabati la kliniki palikuwa na kopo la mabaki, ambamo dawa zinazorudishwa na wagonjwa au ndugu wa marehemu zilisubiri kuteketezwa. Hakuna aliyelihesabu. Mimi nililihesabu, kwa trei na kisu changu cha kuhesabia, kwa sababu nilihesabu kila kitu. Nikagundua kwamba predi ya kopo lile inapungua. Si kwa mkupuo. Inapungua kidogo kila baada ya Jumanne. Wiki ya pili nikakaa nyuma ya dirisha nikamwona Sista Milembe akimfuata Mama Holo mpaka kwenye bomba la maji nje. Alimpa bahasha ndogo. Mama Holo akaifunga kwenye pindo la kanga bila kuitazama, kama mtu aliyeizoea.

Niliona nimemkamata mwizi, na zaidi ya mwizi, nimemkamata aliyeharibu daftari langu. Sikumuuliza. Mimi niliyemuuliza kila mtu kila kitu, yule sikumuuliza. Niliandika barua ya kurasa mbili kwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, nikaambatanisha hesabu ya kopo.

Sista aliitwa asubuhi. Mchana alikuwa ameondolewa kliniki na kuambiwa akae nyumbani mpaka kikao kikae. Kabla hajatoka alipita dirishani kwangu. Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa amekwisha kufunga kidonda hicho kwanza.

"Minza, Mama Holo anameza predi. Ana miezi mingi. Nilikuwa namshusha kidogokidogo, nusu kidonge baada ya nusu kidonge. Amebakiza wiki kadhaa. Usimwachishe ghafla."

"Daftari linasema doksi."

"Najua linasema nini."

"Basi ungemwambia daktari. Ungeandika."

Lilikuwa neno la haki na alijua ni la haki. Akasema tu kwamba angeandika, wagonjwa wangegombezwa, wangegombezwa wangetawanyika, na Katoro, kule machimboni, kuna maduka yasiyogombeza mtu. Kisha akarudia: asiachishwe ghafla. Akachukua sweta lake akaenda.

Nilifungua daftari. Mama Holo, doksi, Jumanne zote, kwa mwandiko wangu. Nikaona Sista anatafuta pa kutokea. Nimetilia shaka watu wengi maishani mwangu, na vitabu vingi, na vipimo vingi. Mwandiko wangu mwenyewe sikuwahi kuutilia shaka.

Jumanne iliyofuata Mama Holo alikuja. Nilimpa doksi na krimu. Alisimama kidogo, akatazama kulia na kushoto.

"Sista yuko wapi?"

"Hayupo. Sasa dawa zote zinatoka kwangu."

Aliniambia baadaye kwamba alielewa maneno yale hivi: mfamasia amekwisha kuambiwa, na ameona predi imetosha. Akasema wabeja, yaani asante, akaondoka na doksi yake.

Hakumaliza wiki mbili. Mchana mmoja wa joto aliletwa nyuma ya pikapu ya mchimbaji, amelazwa juu ya magunia matupu. Alikuwa ametapika siku mbili, hawezi kusimama, anaongea kama mtu wa usingizini. Tabibu wa zamu alipima malaria, hakuna. Akaweka dripu, akaanza dawa ya maambukizi ya tumbo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya akisoma kadi yake. Kadi ilisema doksi. Alikuja dirishani kuniuliza kama doksi inaweza kumtapisha mtu hivi. Nikasema inaweza kuunguza tumbo, lakini si hivi.

Nilienda wodini mwenyewe. Presha ilikuwa chini kiasi kwamba muuguzi alikuwa akiipima upya akidhani mashine imeharibika. Uso ule wa duara ulikuwa na rangi ya majivu. Binti yake, Holo mwenyewe, alikuwa amekaa sakafuni ameshika mguu wa mama yake kana kwamba kuna mtu anauvuta upande wa pili. Nilisimama pale na maneno ya Sista yakanijia yote, kwa mpangilio. Mwili unaopewa steroidi kutoka nje kwa miezi unaacha kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla, hauna kitu. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zote.

Nilimpigia simu Sista. Alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Shikamoo Sista. Mama Holo yuko hapa."

"Sukari?"

"Iko chini."

"Presha?"

Nikamwambia.

"Mpe haidrokotisoni ya sindano sasa hivi, na dripu ya chumvi ikimbie, na sukari ya mshipa. Mwite daktari wakati mkono wako mwingine unavuta dawa. Maelezo utanipa baadaye."

Daktari wa wodi aliniuliza ushahidi uko wapi. Nafikiri hilo lilikuwa swali langu mwenyewe linarudi nyumbani. Nikamwambia hakuna, kadi ni ya uongo, nimeiandika mimi. Alinitazama, akatazama presha, akachukua sindano.

Kabla jua halijageuka upande wa pili wa jengo, Mama Holo aliomba uji. Binti yake aliachia mguu.

Siku ya tatu ndipo akanieleza, bila aibu hata kidogo. Kila Jumanne, wakishapewa dawa, wanawake wa benchi walivuka barabara wakakaa nyuma ya mashine ya kukoboa. Wanatandika kanga. Kila mmoja anamwaga bahasha yake, predi huku, doksi kule, kisha wanagawana sawa kwa sawa, kama wanavyogawana mahindi ya shamba walilolima kwa zamu. Aliyeshindwa kuja kwa mvua fungu lake linawekwa. Mama Holo walimwongezea predi kwa kuwa yeye husimama jikoni kutwa. Sista ndiye aliyegundua, kwa kutazama uso kama mimi, ila yeye aliuliza swali jingine. Hakuuliza umenunua wapi. Aliuliza, "Unameza na nani?" Akalivunja fungu lile kimyakimya, akawashusha mmoja mmoja kwa vidonge vya kopo la mabaki. Mama Holo alikuwa wa mwisho.

"Mbona hamkuniambia mimi?" nilimuuliza.

"Wewe ulikuwa unaandika, mwanangu."

Nilirudi kwa Mganga Mfawidhi na barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza. Sista alirudi kliniki akiwa na onyo kwenye faili, kwa kutoa dawa bila kuandika. Aliniambia onyo hilo ni halali yake na nisilipiganie. Nami nilipata la kwangu. Daktari bingwa alipokuja nilimkabidhi daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, akaniuliza kama kuna mstari mmoja humo tunaoweza kuuamini. Nikasema uzito. Akanipa kalamu nyekundu nipige mstari mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Tulianza upya na daftari jipya, doksi Jumanne, predi Alhamisi, ili wasikutane. Jumapili wakakutana kanisani. Basi tukaacha kuwatenganisha, tukaanza kuwauliza, na pembeni nikachora safu mpya: "Anameza na nani." Safu hiyo iko mpaka leo kwenye daftari mnalotumia. Msiifute kwa sababu haina jina la kitaalamu.

Mkiniuliza ipi bora, nitawaambia ninachoweza kukisimamia. Mzee mwenye sukari au mifupa dhaifu, malengelenge machache, mwanzeni na krimu na doksi, na mwambieni kuhusu maji, jua, na asilale mara tu baada ya kumeza. Aliyefunikwa mwili mzima, predi haina mbadala wa haraka kwetu, ila siku mnayoianza andikeni na njia ya kuishusha. Na mtu yeyote mwenye uso wa duara, kadi iseme inavyosema, msimwachishe chochote mpaka mjue.

Sista Milembe alistaafu kwa wakati wake. Siku ya kuaga aliniachia sindano moja kwenye kibweta chake, akisema ni ya kunikumbusha kuingilia ubavuni. Sijui kama alikuwa anatania. Kwa miaka yote niliyobaki niliamini kwamba mambo ya benchi yalianza kwa huruma tu, mila ya watu waliozoea kulima pamoja, na kwamba mimi nilikuwa nimeyakuta, kama nilivyoikuta rangi ya ukuta.

Mwezi uliopita, baada ya bodi kunistaafisha, Mama Shija alikuja kunipa pole. Ngozi yake ni nyororo, amebakiwa na madoa tu, na kigoda chake kimerudishwa sebuleni. Alileta karanga. Alinikuta nimeketi nimeegemea mito, akacheka kwamba sasa mimi ndiye wa benchi. Tukazungumza ya Mama Holo, ambaye bado anapika machimboni na amekonda vizuri. Nikasema, kwa kupitisha muda tu, kwamba wale wanawake walikuwa na moyo wa kugawana.

"Moyo gani?" alisema Mama Shija. "Kabla yako kila mtu alikula chake. Sista alikuwa ametuambia zote mbili ni nzuri, tumeze. Ukaja wewe, nikakuuliza ipi inaponya, ukasema wenyewe hamjui. Tukatoka pale tukakaa nyuma ya mashine tukasema, kama mwenye dawa hajui, basi kila mtu ale zote mbili, asije akapotea mtu."

Nilimuuliza ilikuwa lini. Akaniambia siku ileile, kabla hata hawajarudi nyumbani.